Kabla ya Kuchagua Kadi ya Grafiki, Fungua Kasha

Kompyuta ya mezani iliyounganishwa kiwandani mara nyingi huwa na prosesa ya kuridhisha na kadi ya grafiki dhaifu, au haina kadi kabisa. Kwa hiyo anayetaka kucheza gemu au kuhariri video huanza kuperuzi kadi. Nimebadilisha kadi kwenye mashine zangu na za ndugu na marafiki, na ushauri ninaourudia kwa kila mmoja ni huu: kadi iwe ya mwisho. Anza kwa kufungua kasha, soma lebo ya pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), pima nafasi iliyopo. Kadi nzuri ziko tele, lakini itakayokaa na kufanya kazi kwako inaamuliwa na mashine uliyonayo.

Pawasaplai ndiyo bosi. Kiwanda huweka inayotosha vifaa vilivyokuja na mashine, na ziada kidogo tu. Kompyuta nyingi za ofisini za Dell, HP na Lenovo zina wati kati ya 180 na 300 hivi. Lebo ipo ubavuni mwa pawasaplai yenyewe, lakini usiridhike na ile namba kubwa ya jumla. Tafuta mstari wa volti 12, chukua ampea zake, zidisha kwa 12. Ukikuta ampea 18, una wati 216 za kugawana prosesa, feni na kadi, kwa sababu wote hao wanakula kwenye mstari huo mmoja.

Sasa angalia kebo. Sloti ya PCIe, yaani tundu la kuchomekea kadi kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), huipa kadi hadi wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75 nyingine, na ya pini 8 huongeza 150. Mashine nyingi za ofisini hazina hata kebo moja ya aina hiyo. Wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana utakuta vikebo vya kugeuza plagi ya SATA, ile ya kuwashia diski, iwe ya kadi ya grafiki. Tafadhali viache. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba ampea 4.5 tu kwenye volti 12, yaani wati 54, wakati kadi kupitia pini 6 ina haki ya kuvuta 75. Nimeshika mkononi plagi iliyoyeyuka kwa sababu hiyo, na plastiki yake ilikuwa imegandana na waya. Hapo mwenye mashine alikuwa na bahati kwamba kilichoharibika ni plagi peke yake.

Kama huna kebo, mimi hupenda kwanza kadi isiyohitaji kebo yoyote. RTX 3050 ya NVIDIA yenye kumbukumbu ya GB 6, iliyotoka 2024, hutumia wati 70 na ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi kwa kasha la ofisini. Soma kisanduku kwa makini, kwa sababu ipo RTX 3050 nyingine ya GB 8 inayotumia wati 130 na inayodai plagi ya umeme. Jina ni lilelile, kadi ni mbili tofauti. GTX 1650 ya mwaka 2019 nayo ni wati 75, lakini baadhi ya matoleo yake yamewekewa plagi ya pini 6, hivyo tazama picha ya ukingo wa juu wa kadi kabla ya kulipa. RX 6400 ya AMD hula wati 53 tu na inavutia kwa hilo, ila inatumia njia 4 pekee za data za PCIe: kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 kasi yake hupungua. Pia haina sehemu ya kusimba video (kuibana iwe faili), kwa hiyo anayerekodi gemu au kuhariri aipite.

Njia ya pili ni kubadilisha pawasaplai, na hapa viwanda vina tabia ya kujitungia plagi zao. Kama mazabodi yako ina plagi ya kawaida ya pini 24 na pawasaplai ina umbo la kawaida la ATX, umeokoka. Kama si hivyo, tafuta ya modeli ileile yenye wati nyingi zaidi, au kebo ya kugeuza iliyotengenezwa kwa modeli yako hasa, wala si inayofanana nayo.

Vipimo ni kazi ya rula tu. Pima kutoka nyuma ya kasha hadi kizuizi cha kwanza mbele, mara nyingi kibanda cha diski, na ukumbuke plagi ya umeme na waya wake vinahitaji nafasi yao juu ya kadi. Kadi nyingi ni nene kiasi cha kufunika sloti ya pili. Kasha jembamba linataka kadi za kimo kifupi, zenye bamba fupi la nyuma. Hakikisha bamba hilo limo kwenye kisanduku.

Kwa mashine za miaka mingi, sasisha BIOS, programu ya msingi inayoamsha mashine, kabla ya kadi mpya kufika, ukiwa bado unaona kitu kwenye skrini. Kadi za Intel Arc siwashauri wenye mashine hizo: zinategemea uwezo uitwao Resizable BAR, unaoiwezesha prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, na bila huo kasi yake hushuka vibaya. Na kama mashine yako ina kijiti kimoja tu cha RAM, kama zilivyo nyingi za kiwandani, ongeza cha pili kinacholingana nacho. Hilo peke yake husaidia.

Kufunga kwenyewe ni kwepesi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma tupu cha kasha. Fungua skrubu, bana kishikizo kilichopo mwisho wa sloti, toa ya zamani kama ipo, sukuma mpya mpaka kishikizo kijifunge. Chomeka skrini kwenye kadi, si kwenye tundu la mazabodi; hilo ndilo linalowafanya wengi wadhani kadi ni mbovu. Ukihama kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume chake, ondoa draiva za zamani (programu zinazoendesha kadi) kwa programu ya DDU, kisha pakua mpya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe.

Halafu cheza gemu nzito huku ukitazama joto la kadi. Fremu (picha zinazoonyeshwa kila sekunde) zikiwa chache, punguza ukubwa wa picha, yaani resolution. Zisipopanda, kinachokuzuia ni prosesa, na kadi ghali zaidi isingekusaidia. Mashine ikizima ghafla au kujiwasha upya kadi inapokazana, shuku pawasaplai kwanza. Unaweza kushusha kikomo cha wati za kadi kwa programu ya MSI Afterburner wakati unatafuta pawasaplai nyingine. Kadi ya zamani usiiuze wiki hiyo; mpya ikigoma, hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama tatizo liko kwenye kadi au kwenye mashine.