Muulize Shangazi: Ile vidio ya watoto wa Ufilipino na chanjo

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto wawili niko Mikindani, mdogo katimiza miezi 9 na kadi ya kliniki inasema wiki hii achomwe sindano ya surua. Sasa kwenye grupu letu la vikoba wasapu kuna dada katuma vidio ya wamama wa Ufilipino wanalia wameshika picha za watoto wao, wanasema walichanjwa shuleni wakafa. Baba yake yuko baharini, nimempigia kasema tusubiri kwanza. Nisubiri au niende?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda. Nimeanza na jibu makusudi maana mtoto ameshafika umri, alafu nikueleze hiyo vidio inahusu nini, kwasababu wale wamama wapo kweli na uchungu wao ni wa kweli.

Chanjo wanayoililia inaitwa Dengvaxia, ni ya homa ya dengi, sio ya surua. Serikali ya Ufilipino ilianza kuwachanja watoto wa shule wa kuanzia miaka 9 mwezi wa 4 mwaka 2016, wakachanjwa zaidi ya laki 8, alafu Novemba 2017 kampuni iliyoitengeneza ikatoka yenyewe ikasema mtoto ambae hajawahi kuugua dengi, akichanjwa hii kisha akaja kuambukizwa na mbu, anaweza kuumwa vibaya kuliko angeachwa bila chanjo. Dengi ndo ilivyo, mara ya kwanza wengi wanapona, ya pili ndo inaweza kuja kali, na kwa mtoto ambae hajawahi kuugua ile sindano mwilini ilihesabika kama ndo mara ya kwanza. Serikali ikasimamisha, wazazi wakaenda mahakamani, na walikuwa na haki ya kukasirika, hata mimi ningekasirika.

Kilichofuata vidio haikionyeshi. Hofu ya chanjo moja ikahamia kwenye chanjo zote. Watafiti waliuliza watu kule mwaka 2015, 93 kati ya 100 walikubali kabisa kwamba chanjo ni muhimu, walivyouliza tena 2018 wakabaki 32 tu! Februari 2019 ukatangazwa mlipuko wa surua, Manila na mikoa mingine, na mwaka ule surua iliua mamia ya watu, wengi wao watoto wadogo hawajafika hata miaka mitano na wengi hawakuwa wamechanjwa. Mwezi wa 9 mwaka huohuo polio nayo ikarudi, wakati nchi ilishatangazwa haina polio tangu 2000. Yani mtoto anakufa kwa ugonjwa ambao sindano yake ipo kliniki, na hao waliokufa kwa surua hakuna anaesambaza picha zao kwenye magrupu, hilo linaniuma sana.

Kwetu chanjo ya dengi haipo kabisa kwenye ratiba ya watoto. Ya mwanao ni ya surua na rubela, anachomwa miezi 9 anarudia miezi 18, bure. Anaweza kupata homa kidogo au vipele siku kadhaa baadae, muulize nesi palepale uangalie nini na lini urudi nae, nesi hawezi kukukasirikia kwa kuuliza. Baba yake mpigie tena umsomee haya, maana nionavyo hajakataa, ameogopa tu. Na yule dada wa kwenye grupu mjibu kwa upole, nae ana watoto.

SWALI: Shangazi, niko Nachingwea. Toleo lililopita uligusia udumavu Ufilipino, mbona kwenye tamthilia zao tunaona majumba tu na watoto wamenawiri?

JIBU: Kaka yangu, tamthilia ni tamthilia. Kwa miaka mingi karibu mtoto mmoja kati ya watatu wa chini ya miaka mitano kule alikuwa mfupi kuliko umri wake, mpaka 2018 wakapitisha sheria ya kumhudumia mama na mtoto kwa siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili. Na usiwashangae, kwetu utafiti wa 2022 umekuta asilimia 30. Mtoto anashiba wali mtupu, maji si salama anaharisha kila mara, mama nae alikula vibaya akiwa mjamzito, basi. Sisi wa kusini linanitia uchungu zaidi maana ufuta tunalima, karanga, mbaazi, korosho, samaki wapo, vyote vinaenda kuuzwa mtoto anabaki na uji mweupe wa muhogo. Bakizeni karanga na ufuta kidogo ndani, sagieni kwenye huo uji wa mtoto kila siku, hata msimu ukiwa mbaya.

SWALI: Mwanangu shangazi, mimi ni bibi wa Kilwa Kivinje. Binti yangu yuko Omani kwenye kazi za ndani, kaniachia mjukuu wa kike miaka 12. Kuna kijana wa ukoo anamnunulia bando kila siku na mtoto siku hizi anajifungia na simu. Nina wasiwasi.

JIBU: Shikamoo mama. Wasiwasi wako uufate. Wamama wa Ufilipino wengi mno wako Ughaibuni kama binti yako, hela inasomesha watoto, ila kule kuna watoto wamerekodiwa utupu kwa ajili ya watu wa nje wanaolipa, na mara nyingi anaepanga ni ndugu au jirani. Utafiti uliotoka 2022 ulikuta mtoto mmoja kati ya watano wa miaka 12 mpaka 17 wanaotumia intaneti kule alinyanyaswa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Sisemi huyo kijana ni hivyo, ila bando la kila siku kwa mtoto wa miaka 12 lina sababu na lazima uijue. Simu itumike sebuleni, bando likatwe. Mjukuu usimpige wala usimtishie kumsemea kwa mama yake, kaa nae jioni umuulize taratibu, na akikwambia jambo la aibu mwambie hana kosa. Usifute chochote kwenye simu, ni ushahidi. Piga 116, ni bure, ni namba ya kusaidia watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto polisi. Kijana usimuulize kwanza, atafuta kila kitu.