Nani Hasa Aliandika "Living Doll"?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi na kaka yangu tumebishana wiki nzima. Kipindi cha "Living Doll" katika tamthilia ya televisheni The Twilight Zone kinaonyesha jina la mwandishi Charles Beaumont. Kaka anasema aliyekiandika ni Jerry Sohl. Nani mkweli? – Msomaji Mbishi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako kashinda, ila na wewe hukukosea kusoma jina.

Tamthilia ile ya visa vya ajabu ilirushwa na kituo cha televisheni cha CBS huko Marekani kati ya 1959 na 1964, vipindi 156. Muasisi wake, Rod Serling, aliandika 92 mwenyewe. Sehemu kubwa ya vilivyobaki ilitoka kwa marafiki wa Los Angeles waliokuwa wakikutana usiku, majumbani na mikahawani, kusomeana hadithi na kuzichambua bila huruma: Beaumont, Richard Matheson, George Clayton Johnson, William F. Nolan, Sohl, John Tomerlin na wengine. Beaumont ndiye aliyekuwa kitovu chao. Alikuwa mtu wa kupokea kazi nyingi kuliko mikono yake, kwa hiyo hata alipokuwa mzima alizoea kuwagawia wenzake.

Kisha akaugua. Akiwa na miaka kama 34 kumbukumbu zilianza kumtoka, akawa hawezi kushikilia hadithi moja kichwani hadi mwisho. Alikuwa na mke na watoto wanne. Oda za televisheni ziliendelea kuja kwa jina lake, basi wenzake wakakaa mezani wakaandika, jina likabaki la Beaumont, malipo wakagawana naye. Sohl aliandika "Living Doll" na "Queen of the Nile". Tomerlin akaandika "Number Twelve Looks Just Like You". Wako watakaosema huo ni udanganyifu. Mimi nauita ujirani. Beaumont alifariki 1967, ana miaka 38, na waliomwona wanasema alionekana kikongwe.

Sohl, naye, hakuandika kivivu ati kwa kuwa sifa si zake. Katika "Living Doll", mtazame yule baba wa kambo anayepambana na mwanasesere anayeongea wa mtoto wa mkewe: anambana kwenye jiliwa, anamwekea moto, anamwekea msumeno, na kile kidoli kinaendelea kumjibu kwa sauti tamu ya kitoto. Usiku nilipokitazama mara ya kwanza nilikwenda nikamgeuza mwanasesere wa binti yangu akaelekea ukutani. Asubuhi mtoto akaniuliza, "Baba, huyu kakosa nini?"

SWALI: Ni kweli Matheson alikitoa barabarani kisa cha "Duel", kile cha dereva anayeandamwa na lori? – Dereva Mstaafu

JIBU: Kweli tupu, ndugu yangu. Tarehe 22 Novemba 1963 alikuwa akicheza gofu na rafiki yake, wakasikia Rais Kennedy ameuawa, wakaacha mchezo wakarudi nyumbani. Njiani lori likawaandama kwa nyuma karibu kuwagonga, mpaka wakalazimika kuchepuka pembeni. Hadithi ilichapishwa 1971, na mwaka huohuo Steven Spielberg akaifanya filamu ya televisheni.

Na Msomaji Mbishi, kama bado unasoma: zilikuwa zimepita wiki tatu tu tangu "Living Doll" irushwe, na rafiki aliyekuwa na Matheson siku hiyo ni huyohuyo Jerry Sohl. Mwambie kaka yako.