Maswali ya Wasomaji: UTI isiyosikia dawa

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31, naishi Morogoro. Tangu mwezi wa pili nasikia kuungua ninapokojoa. Nimepima mkojo mara tatu, na kila mara nimeambiwa kuwa ni UTI kwa sababu mkojo una usaha, nikapewa siprofloksasini. Napata nafuu siku chache, kisha hali inarudi. Mara ya mwisho mkojo ulioteshwa maabara, lakini hakuna bakteria aliyeota. Wifi yangu anasema chanzo ni choo tunachotumia na wapangaji wenzetu. Mume wangu hana dalili yoyote. Je, hii ndiyo UTI sugu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Katika barua yako lipo jambo moja ambalo wengi wangelipita, nalo ni mkojo wenye usaha ambao ukioteshwa hauoti kitu. UTI ya kawaida husababishwa mara nyingi na E. coli, bakteria anayetoka kwenye njia ya haja kubwa, naye huota maabara bila taabu ndani ya siku 1 au 2. Ikiwa ulipeleka mkojo huo ungali unameza dawa, huenda dawa ndizo zilizomzuia kuota. Kama sivyo, tufikirie vimelea ambavyo kipimo hicho hakivioni: klamidia, ambayo huishi ndani ya chembe hai za mwili, kisonono, ambacho huhitaji chakula maalumu ili kiote, na trikomona, ambaye si bakteria kabisa. Vyote hivi huambukizwa kwa ngono, na vyote huweza kuvimbisha mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke una urefu wa takribani sentimeta 4 tu na umepakana na uke.

Hata namna ya kukinga mkojo hutofautiana. Kwa UTI ya kawaida huambiwa umwage ule wa mwanzo, ukinge wa katikati. Kwa klamidia na kisonono kinachotakiwa ni huo huo wa mwanzo, tena baada ya kukaa angalau saa 1 bila kukojoa. Kwa hiyo mtu anaweza kupima mara tatu na mara zote tatu akawa amelimwaga jibu lake chooni. Kwa mwanamke, kipimo bora zaidi ni ute wa ukeni unaochukuliwa kwa pamba, ambao unaweza kujichukulia mwenyewe. Kituo kikiwa hakina mashine ya kutafuta vinasaba vya vimelea hivi, mtoa huduma huruhusiwa kukutibu kwa kufuata dalili.

Siprofloksasini haitegemewi kwa klamidia, na kisonono kimeizoea katika nchi nyingi. Ndiyo maana sipendi neno "UTI sugu", kwa sababu mara nyingi kilicho sugu ni kuandikiwa dawa ile ile. Klamidia hutibiwa kwa doksisaiklini kwa siku 7, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye hupewa azithromaisini. Kisonono kwa sindano ya seftriaksoni. Trikomona kwa metronidazo. Usizinunue mwenyewe dukani, na ukihisi huenda una mimba, sema mapema.

Choo mnachochangia hakileti klamidia wala kisonono. Kuhusu mume wako, kutokuwa na dalili hakumaanishi kuwa hana vimelea, kwani wanaume wengi wenye klamidia hawasikii chochote, kama ilivyo kwa wanawake walio wengi. Klamidia inaweza kukaa kimya mwilini kwa miezi mingi, hata kupita mwaka. Kwa sababu hiyo hakuna kipimo kitakachowaambia ni nani aliyeileta wala lini, na singependa majibu ya maabara yageuzwe ushahidi wa kesi ya ndoa. Nendeni pamoja, mtibiwe wote wawili, na msikutane kimwili hadi zipite siku 7 baada ya matibabu.

Usichelewe, kwa sababu vimelea hivi vikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi huweza kuacha makovu yanayoleta ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Ukipata homa, maumivu ya kiunoni au chini ya kitovu, au damu baada ya tendo la ndoa, nenda siku hiyo hiyo. Na hata mkipona, rudini kupima baada ya miezi 3, kwa kuwa kuambukizwa tena ni jambo la kawaida.