Printa imegoma baada ya kubadilisha ruta

Pole ndugu. Umesema printa ilikuwa inachapa vizuri kwa Wi-Fi, ukafunga ruta mpya (kifaa kinachogawa intaneti), na sasa kompyuta inaandika "Offline" ingawa printa inawaka. Usifute draiva kwanza, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa.

Mara nyingi ruta ya zamani ilikuwa inavipa vifaa anwani za IP (namba za kuvitambua kwenye mtandao) za aina moja, kwa mfano zinazoanza na 192.168.1, na mpya inagawa za aina nyingine, kwa mfano 192.168.0. Kompyuta bado inapeleka kazi za kuchapa kwenye anwani ya zamani, ambako printa haipo tena.

Anza na printa yenyewe, iunganishe na Wi-Fi mpya. Hapa ndipo wengi wanakwama: printa nyingi za nyumbani zinashika Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo ruta ikirusha 5 GHz peke yake printa haitaiona kabisa. Ikishaungana, chapa karatasi ya taarifa za mtandao kutoka kwenye menyu ya printa usome anwani yake ya IP. Kisha kwenye Windows fungua sifa za printa, nenda "Ports", ongeza port mpya ya TCP/IP (njia ya kuifikia printa kwa mtandao) yenye anwani hiyo, halafu futa kazi zilizokwama kwenye foleni.

Na tafadhali, ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee printa anwani hiyo moja ili isibadilike. Mimi sikufanya hivyo. Umeme ulipokatika dukani tatizo likarudi, wateja wamesimama na flashi mkononi. Ukikwama, tuandikie namba zilizotoka kwenye ile karatasi.