Kubebewa mimba: karatasi kwanza

Baada ya kuzika mtoto wetu wa kwanza, na mimi kutolewa kizazi usiku uleule kwa sababu damu ilikataa kukoma, ndugu hapa Lubumbashi walikuwa na dawa moja: "Bwana yako achukue mdogo wako, akuzalie." Walisema kwa upendo. Lakini huko si kubebewa mimba. Kutolewa kizazi si kutolewa vifuko vya mayai, vyangu vilibaki. Yai langu na mbegu ya bwana yangu vilikutanishwa maabara, kiinitete, yaani mimba changa iliyotokea hapo, kikapandikizwa kwa mama mwingine atubebee. Hakuna aliyelala na mtu. (Hilo mashangazi waliniomba nilirudie, na nililirudia.)

Kabla ya yote, mlilieni aliyekufa. Bibi alitaka mtoto mpya apewe jina la marehemu. Tulikataa, akanuna, ikapita.

Halafu karatasi. Msipatane kwa mdomo na binamu wa mtaa wa Katuba awabebee, eti ni damu yetu. Undugu ndio unaofanya watu waone haya kuuliza: mimba ikiharibika, nani analipa? Akipasuliwa? Akimpenda mtoto akakataa kumtoa?

Sisi tulifanyia Afrika Kusini kwa kuwa bwana yangu anaishi na kufanya kazi Johannesburg. Sheria ya Watoto ya huko, namba 38 ya mwaka 2005, inataka angalau mmoja wa wazazi awe na makao ya kudumu nchini humo, kwa hiyo usipande basi ukidhani pesa zinatosha. Mkataba unathibitishwa na Mahakama Kuu kabla ya kupandikiza, si baada ya tumbo kuonekana. Mbebaji awe ameshazaa na ana mtoto wake aliye hai. Halipwi kwa kubeba. Anarudishiwa gharama za matibabu, bima na kipato alichokosa. Wengine wanaita ubahili. Kwangu ndiyo iliyotufanya tuongee kama wamama wawili, naye akaniambia wazi siku alizochoka.

Mkataba ukithibitishwa hivyo, mtoto ni wenu tangu anapozaliwa. Lakini mkunga wa zamu hajui hayo. Yeye anaandika jina la aliyezaa mbele yake. Pelekeni nakala ya amri ya mahakama hospitalini mapema, nyingine ubalozini kwa hati ya safari ya mtoto, na moja ikae mkobani hadi mvuke mpaka wa Kasumbalesa kuingia Kongo.