Maswali ya wasomaji: mtoto anataka kuchimba historia, aanzie wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Nakuru, Kisumu na huko kwetu magharibi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: watoto wanataka kushika historia na mikono, si kuisoma tu. Nimefurahi sana, nimechagua chache.

Sasa dada. Kijana wangu ana miaka 11, na tangu aone picha za mafuvu ya watu wa kale darasani hanipei nafasi ya kupumua, ati anataka kuchimba kama watu wa makumbusho. Holide yote bila simu hatulii. Hapa Nakuru kuna mahali naweza kumpeleka asishinde akiangalia kabati za vioo tu? – Mama, Lanet

Mama, wewe ni jirani kabisa na mahali penyewe. Hyrax Hill, kilima chenye makumbusho na mabaki ya kale, iko kama kilomita 4 kutoka mjini Nakuru, kando ya barabara ya Nairobi, unapita hapo kila siku na matatu. Mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey aliiona 1926, halafu mke wake Mary Leakey akaja kuichimba 1937 na 1938, na vitu alivyofukua vinaonyesha watu waliishi hapo nyakati tofauti tofauti, kuna makaburi ya wafugaji wa zamani sana, halafu juu ya hiyo kuna mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wengine waliokuja baadaye.

Sasa fanya hivi, usianze na ile nyumba ya makumbusho. Anza nje. Mpeleke kwa yale mashimo mwambie asisome kibao chochote kwanza, atafute mlango ulikuwa upande gani, aangalie kile kifusi kilichorundikana upande wa chini, akuambie yeye anadhani ni nini. Atakisia nyumba, atakisia handaki la vita, mwache akisie. Halafu ndio mwongozaji amwambie ni zizi la ng'ombe, na kile kifusi ni mavi na majivu na takataka zilizokuwa zinatolewa nje kila siku. Hapo mtoto anaelewa kitu ambacho kabati ya kioo haiwezi kumpa, kwamba mtu wa akiolojia anasoma mahali, na kitu kilichookotwa ni sehemu tu ya hayo masomo. Pia kuna bao limechongwa kwa mwamba wenyewe, keti naye hapo, ahesabu mashimo, afikirie nani alikuwa anacheza na ng'ombe walikuwa wapi saa hiyo. Ukifika juu muonyeshe Ziwa Nakuru na umwambie kuna wakati maji yalikuwa yanafika hapo chini ya kilima, uone macho yake.

Siku ingine mpeleke Kariandusi, ni karibu na Gilgil. Huko kuna shoka za mkono za mawe, nyingi zimechongwa na lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, obsidiani, na zimeachwa pale pale zilipofukuliwa ndio watu waone. Piga simu kabla uulize kama kuna ofisa wa elimu siku hiyo, juu makumbusho ya taifa yana watu wa kushughulika na watoto, lakini ukienda Jumapili ya umati utatembezwa haraka haraka tu.

Mimi ni mwalimu wa junia sekondari upande wa Ahero. Nataka kuanzisha klabu ya historia na akiolojia, watoto wachimbe kweli. Kuna kilima hapa wazee wanasema palikuwa boma la zamani. Naweza kuomba mwenye shamba tukachimbe kidogo na majembe? Pesa ya shule ni haba. – Mwalimu, Ahero

Mwalimu, klabu anzisha hata kesho, lakini kwa kile kilima usipeleke jembe. Kwanza ni sheria, ile Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inataka leseni kwa yeyote anayechimba mahali pa kale, na mwenye shamba kukubali hakutoshi. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekuambia hivyo hivyo. Mahali pakishachimbwa hapachimbiki tena. Chungu kikiwa juu ya majivu, karibu na mifupa ya mbuzi iliyo na alama za kisu, kinakuambia hapa palipikwa, watu walikula nini, na ni kabla ya au baada ya kile kilicho kwa tabaka la juu. Chungu hicho hicho kikiwa kwa dawati la mwalimu mkuu hakina la kusema.

Kwa hivyo tengeneza kilima chako mwenyewe. Mwombe fundi mbao za zamani mtengeneze sanduku la mita 2 kwa mita 1, au mchimbe shimo la kina kifupi nyuma ya shule mahali mnajua hapana kitu. Tabaka la chini weka ule udongo mweusi wa Ahero, katikati mchanga wa mtoni, juu udongo mwekundu utoe mbali kidogo. Nunua chungu sokoni, akina mama wafinyanzi bado wapo na bei si mbaya, kivunje, uzike vigae tabaka la chini pamoja na majivu na mifupa ya kuku iliyochemshwa. Tabaka la kati weka shanga na kipande cha chuma chenye kutu. Juu kabisa weka vifuniko vya soda na shilingi ya zamani. Kisha wewe peke yako uandike mahali kila kitu kimekaa, uifiche hiyo karatasi, na usishawishike kuonyesha yeyote hata wakikulilia!

Siku ya kuchimba gawanya kwa kamba na misumari iwe miraba ya nusu mita, kila mraba na kikundi chake. Vifaa ni mwiko wa fundi, brashi ya rangi, ndoo, tepu ya kupimia, na wavu wa kuchekecha mchanga ule wa mafundi wa mjengo, hakikisha matundu ni madogo ama shanga zitapita zote. Mtoto mmoja kwa kila kikundi asishike mwiko kabisa, kazi yake ni kuandika: mraba gani, tabaka gani, kina cha sentimita ngapi, kimelala karibu na nini. Wabadilishane. Wale wa kuandika watanung'unika siku ya kwanza lakini wasipoandika huna klabu, una watoto wanaocheza na mchanga. Kitu hakitolewi mpaka kipimwe na kuchorwa. Kila kikundi kikimaliza kilete hadithi yake mbele ya wengine, na wengine waulize "umejuaje?" Hilo swali ndilo somo lenyewe. Mwisho toa ile karatasi mlinganishe, na vigae muunganishe na gundi, itawachukua siku kadhaa.

Na kile kilima chenu bado mnaweza kukifanyia kazi kubwa bila kuchimba. Mwenye shamba akikubali, pangeni mstari, mtembee polepole macho chini, mkiona kigae au jiwe lililochongwa mnapiga picha na rula kando yake, mnaweka alama kwenye ramani mliyochora, na mnakiacha pale pale. Halafu mtume nakala Makumbusho ya Kisumu. Kumbuka vile kwetu ni tajiri, kule Nyayanga kwenye rasi ya Homa watafiti walitangaza 2023 zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, na mifupa ya kiboko imekatwa nyama na hizo zana. Watoto wako wanatoka ukanda huo huo wa ziwa.

Halafu kuna wazee. Hiki ndicho kitu kinaniuma, kila mwaka tunazika watu na madaftari hayajaandikwa. Tuma watoto wawili wawili, mmoja aulize mmoja aandike, na wasiulize "ilikuwa mwaka gani", mzee atatupa tu nambari. Waulize ilikuwa kabla au baada ya mafuriko ya Uhuru ya 1961, kabla au baada ya njaa ya 1984. Wakienda na mzee kwa kilima wamuulize nani aliishi, mlango uliangalia wapi, ng'ombe walilala wapi, walihama kwa nini. Wakiuliza wazee watatu wapate majibu matatu waandike yote matatu, wasichague la kupendeza.

Ukipata nauli siku moja wapeleke Thimlich Ohinga kule Migori. Kuta za mawe yaliyopangwa bila simiti wala udongo, kuna mahali zinafika kama mita 4, inaaminika zilijengwa karne ya 16, na UNESCO iliziweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Wape zoezi la kupanga ukuta mdogo wa mawe bila kitu cha kushikanisha wakirudi shule, uone ukuta wa nani utasimama mpaka mvua.

Niaje. Niko form 4, home ni Siaya. Tukichimba shimo la choo tulipata vipande vya chungu viko na michoro, kuna msee anasema atanunua. Nifanye? – Kijana, Siaya

Usiuze, kijana wangu. Simamisheni hilo shimo kwanza, si milele, ni mpaka mtu aje aangalie. Vile bado viko ardhini viache. Vile mlishatoa viweke kwa karatasi, usivioshe, uandike vilitoka kina gani. Piga picha ya ukuta wa shimo na kalamu kando, kama kuna mstari wa majivu au udongo wa rangi tofauti hakikisha unaonekana. Halafu peleka habari kwa chifu na Makumbusho ya Kisumu, sheria inataka anayepata kitu cha kale atoe taarifa. Siwezi kukuambia ni vya lini kwa barua, lakini jua ya kwamba vyungu vya Urewe, vinavyojulikana Maziwa Makuu yote kama vya wafua chuma wa kwanza, vimepewa jina la mahali huko huko Siaya. Huyo msee akinunua, vitakaa kwa sebule ya mtu na hakuna atakayejua vilitoka kwa choo chenu.

Binti yetu anapenda haya mambo lakini baba yake anasema hakuna kazi hapo. Nimjibu nini? – Mama, Webuye

Mwambie juu ya Kamoya Kimeu. Alianza 1960 kama kibarua wa kuchimba kule Olduvai, Tanzania, hakuwa na masomo ya juu, na 1984 ndiye aliyeona kile kipande cha kwanza cha mifupa ya Mvulana wa Turkana, mtoto wa kale aliyepatikana karibu na Ziwa Turkana, wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita, mifupa ambayo dunia nzima inasoma mpaka leo. Siku hizi masomo yanahitajika, Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha akiolojia, na asiache bayolojia, jiografia na kuchora. Lakini baba ana haki kuuliza, nafasi si nyingi, kwa hivyo asomee na kitu kingine kinachoshikana nayo kama ramani za kompyuta au jiolojia. Na hapo Webuye mko na Chetambe, mahali Wabukusu walipigana na Waingereza 1895. Mwende pamoja na baba yake, amweleze binti yeye mwenyewe alichosikia kwa wazee.

Mimi ni babu, Vihiga. Mjukuu amerudi kutoka shule anasema mwalimu atawafundisha kuchimba mifupa ya watu. Kwetu kaburi halichezewi. Hii ni elimu gani? – Mzee, Vihiga

Shikamoo mzee. Uko sawa, na hakuna klabu ya watoto inayopaswa kugusa kaburi, la kweli au la kuigiza. Mifupa ya kuku na mbuzi inatosha kabisa. Hata watafiti wenye leseni wanapaswa kuzungumza na wenye mahali kabla ya kugusa. Nakuomba tu usimkataze mjukuu klabu, nenda uongee na mwalimu, umwambie makaburi ya ukoo yako wapi ili watoto wasipite hapo wakiwa na kamba zao, na ujitolee siku moja uwaeleze boma la babu yako lilipangwaje. Mwalimu mwenye akili atakuletea kiti.