Maswali ya Wasomaji: Boti ya mbao iliyopakwa rangi mpya, tutajuaje kilichofichwa ndani yake?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kayenze, wilayani Ilemela. Kwa miaka sita nimefanya kazi katika boti za matajiri, na sasa mimi na kaka yangu tumeweka akiba ili tununue boti yetu wenyewe. Tumeonyeshwa boti ya mbao ya futi 32 katika mwalo mmoja wa Ukerewe. Mwenye nayo anasema ina miaka mitano, na kwamba hapo awali ilikuwa ikikusanya sangara visiwani ikiwa na sanduku la barafu. Imepigwa kalafati upya (pamba ya kuziba maungio), imepakwa rangi, na kwa macho haina kasoro. Anataka Sh 4,500,000 bila injini. Kaka yangu anataka tulipe wiki hii kabla hatujawahiwa, lakini mimi nasitasita. Tuikague vipi?
Msomaji, Kayenze

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako asubiri. Boti haiharibiki kwanza kwenye ubavu unaouona ukiwa umesimama mchangani. Huharibika kwenye maungio, chini ya sakafu na ndani ya matundu ya misumari, na hayo yote ndiyo yanayofunikwa na rangi. Sisemi kwamba muuzaji huyo ni mdanganyifu, kwa kuwa mtu yeyote anayeuza chombo hukisafisha kwanza, lakini rangi ya juzi imekuondolea ushahidi ambao ungeusoma bure, kama vile madoa ya kutu, mistari ya maji na mipasuko myembamba. Kwa hiyo itakubidi uutafute ushahidi huo kwa mikono. Kabla hujagusa chochote, zungumza na vijana waliokuwa wakifanya kazi ndani ya boti hiyo, si na mwenye nayo peke yake, uwaulize swali moja tu: kwa usiku mmoja wa kazi walikuwa wakikumba maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, mara ngapi?

Ni vizuri uelewe kwanza mbao huoza wapi na kwa nini, maana ukilielewa hilo utajua pa kutazama bila kuambiwa. Kuoza ni kazi ya kuvu, na kuvu huhitaji vitu viwili kwa pamoja, unyevu na hewa. Ubao mkavu hauozi. Ubao uliozama majini wakati wote nao huchelewa sana kuoza, kwa sababu umejaa maji na umekosa hewa. Panapooza ni pale panapolowa na kukauka kwa zamu, au panaposhika unyevu bila kupata upepo: usawa wa maji ubavuni, vichwa vya mataruma (miti ya ndani inayoshikilia mbao za boti), pembe za nyuma, na chini ya mbao za sakafu. Wenzetu wa pwani husaidiwa kidogo na chumvi, ambayo huwazuia kuvu hao. Sisi wa Ziwa Victoria hatuna msaada huo, kwani maji yetu ni baridi yasiyo na chumvi, na mvua za Machi hadi Mei huongeza mengine kutoka juu. Ingawa hatuna yule mdudu wa baharini anayetafuna vyombo vya pwani, ubaya wa mvua kwetu ni mkubwa. Boti ikivutwa ufukweni omo, yaani sehemu ya mbele, ikiwa juu, maji ya mvua hukusanyika nyuma na kukaa huko wiki nzima, na hapo ndipo kuoza kunapoanzia.

Sasa nije kwenye jambo lililonishtua zaidi katika barua yako, nalo ni lile sanduku la barafu. Sanduku la namna hiyo hukalia mataruma, na barafu ikiyeyuka hutiririsha maji matamu chini yake mchana na usiku, mahali pasipofika jua wala upepo, maji yaliyochanganyika na utelezi wa samaki. Miaka mingi iliyopita nilimkagulia ndugu yangu boti kama hiyo. Nyavu na mizigo vilikuwa vimerundikwa juu ya sakafu, jua lilikuwa kali, nami nikaridhika kugonga mbavu kwa nje nikasema ni nzima. Baada ya miezi michache walirudi kutoka kisiwani huku watu wawili wakikumba maji bila kupumzika. Tulipoing'oa sakafu tukakuta mataruma manne mfululizo yamelainika pale lilipokuwa sanduku, kiasi kwamba ulikuwa ukibonyeza kwa dole gumba linazama. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo sikagui boti ambayo sakafu yake haijafunguliwa. Nawe ufanye hivyo hivyo. Mwombe muuzaji atoe kila kitu, afungue mbao za sakafu kuanzia omo hadi nyuma, na ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, isafishwe kwa maji na brashi hadi mbao zenyewe zionekane. Akikataa, usitafute sababu nyingine ya kuondoka.

Sakafu ikishafunguliwa, chukua bisibisi. Gonga kwa mpini wake kila taruma na kila ubao, ukisogea kiganja kimoja kwa kimoja. Mbao nzima hujibu kwa sauti kavu inayorudi mkononi, na iliyooza hutoa sauti nzito iliyokufa, kama unagonga gunia la unga. Palipokutilia shaka, bonyeza kwa ncha ukiwa umeshapata ruhusa ya mwenye boti. Mbao nzima hukataa ncha, na ukiidokoa hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Iliyooza hupokea ncha bila ubishi na kukatika vipande vifupi vya mraba. Usidanganyike na jina la mti. Ni kweli kwamba mvule na mninga hustahimili kuoza, lakini sifa hiyo ni ya moyo wa mti, si ya ule weupe wa nje karibu na gome, na fundi aliyebana gharama huacha weupe huo kwenye kingo za ubao. Nimeona ubao wa mvule ambao katikati ulikuwa kama jiwe na ukingoni ukichotwa kwa kucha.

Baada ya hapo ni misumari, na hapa naomba uwe mvumilivu kuliko kwingine kote. Omba ruhusa ya kung'oa misumari mitatu, mmoja karibu na mkuku (mti mkuu wa chini, uti wa mgongo wa boti), mmoja kwenye usawa wa maji na mmoja nyuma inapofungwa injini, kwa makubaliano kwamba utairudishia mipya kwa gharama yako. Msumari wa chuma hauliwi na kutu sawasawa. Kichwa huweza kuwa kizima chini ya rangi, na ncha iliyokunjwa ndani ikawa nzima, huku katikati, pale ubao unapokutana na taruma na maji hupenya, chuma kikawa kimekwisha. Niliwahi kung'oa mmoja pale Igombe, wa inchi nne. Kichwa chake kilikuwa kinene kama kilivyotoka dukani, lakini kiuno kilikuwa kimekonda kama sindano ya kushonea magunia, nilipoupinda kwa vidole viwili ukakatika. Tundu lake lilikuwa jeusi pande zote, na weusi huo nao ni habari, kwa maana kutu ya chuma hupambana na asili ya mbao yenyewe na kuilainisha, hata msumari mpya ukipigwa humo haushiki. Ukikuta mmoja wa namna hiyo kati ya mitatu, ng'oa mingine. Ikiwa mingi imekonda hivyo, boti hiyo imeshikiliwa na mazoea tu, na hakuna kalafati itakayoisaidia.

Halafu piga uzi. Boti ikiwa imeinuliwa juu ya magogo, kaka yako ashike ncha moja ya uzi chini ya mkuku upande wa omo, nawe uvute ya pili hadi nyuma uikaze. Ikiwa katikati ya mkuku pamejitenga na uzi huku miisho yote miwili ikiugusa, mgongo wa boti umepinda: miisho imelegea ikashuka, na maungio ya juu yamekuwa yakifunguka kila wimbi linapopita. Tofauti ya unene wa kidole kwa boti ya futi 32 isikutishe sana, maana huenda fundi hakunyoosha tangu mwanzo. Ikizidi hapo, mwite fundi wa boti asiye rafiki wa muuzaji, na umlipe wewe mwenyewe. Wakati uko huko chini, tazama pia jinsi mkuku ulivyosuguliwa na mchanga kwa kuvutwa kila asubuhi. Ubao wa kinga ukiisha, ni mkuku wenyewe unaoliwa.

Ukiona kipande cha bati kimepigiliwa juu ya ungio, usikichukulie kuwa ni kiraka cha kawaida kwa sababu tu kila boti ziwani inacho. Uliza kinafunika nini, na ikiwezekana kifunguliwe kimoja, kwani bati hushika unyevu na ubao ulio chini yake huendelea kuoza bila kuonwa. Chini ya usawa wa maji tazama pia vitundu vya mviringo. Ziwa letu lina mdudu ambaye akiwa mchanga huishi ndani ya mbao zilizozama na kuchimba humo vijia vyake. Wakubwa wake ni wale wenye mabawa wanaozagaa juu ya maji usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu. Vitundu vichache si neno. Ubao uliotobolewa kama chujio ubadilishwe.

Kuhusu sehemu ya nyuma, funga injini hata ya kuazima, iinue juu, kisha shika mguu wake uusukume juu na chini huku kaka yako ameweka vidole kwenye ungio la ubao wa nyuma na mbao za ubavu. Asisikie chochote kikicheza.

Mwisho ni majini, na hapa haraka ya kaka yako inaweza kuwagharimu. Boti iliyokaa juani mbao zake husinyaa, kwa hiyo ikishushwa itavuja saa za mwanzo hata kama ni nzima, kisha mbao huvimba na maungio kujifunga. Usiihukumu kwa saa hizo. Iache majini usiku wa kwanza. Jioni ya pili ikumbeni hadi ikauke, mchore alama kwa penseli kwenye taruma la chini kabisa, mlale, na alfajiri mpime kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo ngapi zimeingia. Maji yanayoendelea kupungua kila siku ni ya mbao zinazovimba. Yanayobaki vile vile au kuongezeka yana mlango. Baada ya hapo ipakieni mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wenu wa kawaida, mtoke nayo alasiri upepo ukiwa umeamka, na mmoja wenu alale kifudifudi sakafuni akitazama mataruma boti inapopanda wimbi. Ungio linalofunguka na kufumba, au msumari unaolia, utauona hapo, nao huwezi kuuona boti ikiwa imetulia mchangani.

Ukiniuliza mimi, mataruma mawili mabovu na kalafati dhaifu ni mambo ya kupunguziwa bei na kutengenezwa. Mkuku uliooza, mgongo uliopinda au misumari iliyokwisha ni mambo ya kuaga na kwenda zenu, hata kama bei itashushwa nusu. Kwa upande wa karatasi, hakikisheni namba iliyoandikwa ubavuni inalingana na ile iliyo kwenye usajili wa idara ya uvuvi, waulizeni viongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo) wa mwalo huo kama boti ina deni au mgogoro, na mtake kuona cheti cha ukaguzi cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, mkikumbuka kwamba cheti hueleza hali ya siku ile ilipokaguliwa.

SWALI: Mimi nimepata boti ya faiba, nami nimeambiwa kwamba faiba haiozi, hivyo hakuna cha kukagua. Ni kweli?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Ndugu yangu, faiba yenyewe haiozi, lakini ndani ya boti nyingi za faiba mna mbao, hasa kwenye ukuta wa nyuma unaobeba injini na chini ya sakafu, na mbao hizo huoza zikiwa zimefungiwa. Maji huingilia kwenye matundu ya bolti ambayo hayakuzibwa vizuri. Legeza bolti moja ya chini ya injini uone kama maji ya kahawia yatachuruzika. Tembea sakafuni bila viatu, ukisikiliza kwa nyayo panapobonyea. Gonga ubavu mzima kwa nyundo ya mpira, maana tabaka zikiachana sauti huwa ya debe tupu. Nyufa nyembamba zinazotawanyika kama utando wa buibui mara nyingi ni za rangi ya juu tu, isipokuwa zikianzia kwenye pembe ya kiti au kwenye mguu wa injini, ambapo huonyesha kwamba boti inajikunja. Ikiwa ina povu la kuielesha chini ya sakafu, omba kuona mahali pamoja lilipo, ulibonye kwa kidole: povu lililonyonya maji halikauki, na boti hukaa chini majini kuliko mstari wake hata ikiwa haina mzigo. Mstari huo utazame kabla injini na nyavu havijapakiwa, asubuhi maji yakiwa yametulia.